Barua ya wazi kwa wenye barabara: nani apite kwanza kwenye kipilefti kidogo?

Kwa wahandisi wa barabara, watunga kanuni, watahini wa leseni na askari wa usalama barabarani, popote mlipo.

Waheshimiwa,

YAH: HAKI YA KUPITA KWANZA KWENYE VIPILEFTI VIDOGO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninafundisha udereva, na nawaandikia kwa sababu ya swali ambalo nilishindwa kulijibu mbele ya mwanafunzi. Tulikuwa tumesimama kwenye kipilefti kidogo, vile vya duara jeupe lililochorwa chini. Barabara nne, na kila barabara gari moja limefika kwenye mstari na kutulia. Hakuna aliyesogea. Mwanafunzi wangu, mama mtu mzima aliyeamua kujifunza baada ya wanawe kuhama nyumbani, alikuwa ameshaweka gia ya kwanza na mguu uko kwenye klachi. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa anaanza nani?" Nikamwambia, wa kulia kwako. Akatazama kulia. "Na yule wa kulia kwake nani?" Nikamwonyesha kwa kidole. "Na huyo naye?" Nikaonyesha tena. Kidole kikazunguka hivyo hivyo mpaka kikarudi kwetu. Mama akacheka. Mimi sikucheka, maana nyuma yetu mtu alishaanza kupiga honi.

Aliyeanza ni lori. Halikuwa na haki kutuzidi, lilikuwa na bampa la kutuzidi. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na kwa hali ilivyo sasa methali hiyo ndiyo kanuni pekee ya kipilefti kidogo ambayo kila dereva anaijua bila kufundishwa.

Siandiki kumlalamikia mwenye lori. Alifanya alichoweza, na angalau fundo lilifunguka. Ninaowalalamikia ni ninyi mliochora lile duara mkaondoka.

Nieleze pia kwamba mwenyewe nimewahi kugongwa mahali pa namna hiyo. Nilifika kwenye mstari, nikapunguza mwendo, nikatazama kulia: barabara tupu mpaka kwenye kona. Nikaingia. Nilipofika usawa wa duara, gari dogo likatokea kwenye ile kona, halikupunguza hata kidogo, likanipiga mlango wa nyuma wa kulia. Hakuna aliyeumia. Yakaja majibu mawili. Askari aliyepima ajali alisema kosa ni langu, kwa kuwa mwenzangu alitoka kulia, na wa kulia hupishwa. Mkaguzi wa bima akasema kosa ni la mwenzangu, kwa kuwa mimi nilishakuwa ndani ya mzunguko, na mlango uliobonyea ni ushahidi kwamba nilitangulia. Kila mmoja alitaja kanuni, na kila mmoja aliitaja sawasawa. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba tuna kanuni mbili zinazoishi nyumba moja bila kusalimiana: mpishe wa kulia, na mpishe aliye ndani.

Kwenye kipilefti kikubwa hazigombani. Chukueni chenye upana wa mita 60. Gari linaloingia kutoka barabara ya kulia kwangu lina kama mita 40 za kuzunguka kabla halijapita mbele yangu. Likienda kilomita 30 kwa saa, hizo ni karibu sekunde 5. Wakati linanifikia, wa kulia na aliye ndani wamekwisha kuwa mtu mmoja, na nimepata muda wa kumtazama hadi usoni. Sasa punguzeni upana uwe mita 20. Robo ya mzunguko, ikipimwa katikati ya njia ya magari, inabaki kama mita 11, na hata kwa kilomita 20 kwa saa zinaliwa ndani ya sekunde 2. Katika sekunde hizo 2 natakiwa nimwone, nikisie anaelekea wapi, niamue, na mguu uwe umefika kwenye breki. Haiwezekani kutofautisha aliyeingia na anayeingia. Kinachoamua basi ni nani amekuja na mwendo mkali zaidi. Anayepunguza anakuwa mjinga wa siku hiyo, na asiyepunguza anajipatia haki kwa kukanyaga mafuta.

Kwa hiyo ukisema "kipilefti kidogo ni kipilefti tu", kama kitabu kimoja cha mafunzo nilichopewa kinavyosema kwa mstari mmoja na kuendelea na habari za kuegesha, hujasema kitu. Udogo wake ndio tatizo lenyewe.

Jina nalo halitusaidii. Wengine husema raundabauti, wengine mzunguko, lakini wengi tunasema kipilefti, neno lililotoka kwenye vibao vya Kiingereza vya "Keep Left", vilivyowaambia madereva wakae kushoto. Kiswahili kilisikia ki- mwanzoni mwa neno, kikalipokea kama kitu na kukipa wingi wake, vipilefti. Nalipenda neno hilo kwa ujanja wake. Ila angalieni: kila tukilitaja tunataja upande wa kupita, na nani apite kwanza hatumtaji.

Wala si jambo jipya. Mizunguko ya magari iliitangulia kanuni yake kwa miaka mingi. New York ilikuwa na Columbus Circle mwaka 1905, Paris ikaanza kuyazungusha magari upande mmoja kwenye Place de l'Étoile mwaka 1907, na kwa miongo mingi baada ya hapo, sehemu nyingi aliyekuwa akiingia ndiye aliyepishwa, au hapakuwa na neno lolote juu yake. Matokeo mtu anaweza kuyachora kwenye karatasi. Waingiao wakipishwa, waliomo hawatoki. Wasipotoka, waingiao hawana pa kuingia. Duara linajikaza lenyewe kama kamba iliyolowa. Dawa ya wakati ule ilikuwa kulipanua ili magari yapate nafasi ya kupishana yakiwa humo ndani. Ardhi ikaliwa, na foleni zikabaki.

Uingereza ilikata shauri mwezi Novemba 1966: anayeingia ampishe anayemjia kutoka kulia, yaani aliye ndani. Ni sentensi fupi, lakini baada ya hapo duara halikuwa na sababu ya kuwa kubwa tena, kwa sababu gari lilichohitaji ni pengo la kuingilia, basi. Mhandisi Frank Blackmore, wa maabara ya utafiti wa barabara ya serikali ya huko, akaanza kulipunguza kwenye majaribio, akalipunguza tena, mpaka likabaki doa la rangi katikati ya njia panda. Kipilefti kidogo ni mtoto wa kanuni ile. Naomba mlikumbuke hilo kila mnapowatuma vijana na ndoo zao: kanuni ilizaliwa kwanza, rangi ikafuata. Ninyi mmeleta rangi peke yake.

Mwaka 1972 Blackmore huyo huyo alikwenda mji wa Swindon akapanga vipilefti vidogo vitano kuzunguka kimoja cha katikati, na kwenye hicho cha katikati magari yanazunguka kinyume. Kipo hadi leo na watu wanapita. Sisi kimoja tu kinatutoa jasho.

Wenzetu wa nchi zinazoendesha kulia wana mtihani wa ziada. Kwao magari huzunguka kinyume cha mishale ya saa, hivyo aliye ndani hukujia kutoka kushoto. Lakini kwenye njia panda isiyo na alama, nchi nyingi za namna hiyo humpa haki anayetoka kulia, na kwenye mzunguko wa kwao anayetoka kulia ndiye anayeingia. Duara likichorwa bila alama yoyote, kanuni ya kawaida inakuwa ndiyo inayolifunga. Ndiyo maana Ufaransa, ilipogeuza mambo mwaka 1984, iliweka alama ya kupisha kwenye milango ya mizunguko yake. Na pale Place de l'Étoile, penye barabara 12, hadi leo anayeingia ndiye anayepishwa, na kila aliyepita hapo ana hadithi yake. Ujerumani nao wameliandika bila kuficha: kibao cha mishale mitatu kinachoonyesha mzunguko lazima kiambatane na pembetatu ya kupisha ndipo aliye ndani awe na haki. Pembetatu ikikosekana, mnarudi kwenye kulia kabla ya kushoto.

Sisi tunaoendesha kushoto tumebahatika kwamba wa kulia na aliye ndani ni mtu mmoja, walau kwenye karatasi. Bahati hiyo imetufanya wavivu wa kuandika.

Ombi langu la kwanza basi ni sentensi, na nimejaribu kuitunga ili msiseme nimeleta malalamiko matupu. "Kwenye kipilefti kidogo, dereva asivuke mstari wa kupisha ikiwa kuvuka kwake kutamlazimisha aliye ndani, au anayeingia kutoka kulia, kukanyaga breki au kukwepa, na akishavuka kwa halali, wote ambao hawajavuka mistari yao wampishe." Mwanasheria anaweza kuinyoosha. Uingereza wana maandishi yanayokaribiana na hayo: mstarini umpishe wa kulia, na usivuke kwa namna au kwa wakati utakaomfanya dereva mwingine abadili mwendo au mwelekeo ili kuepuka ajali. Kipande hicho cha pili ndicho tunachokikosa.

Tazameni kinachobadilika hapo. Kipimo kinatoka kwenye upande na kuhamia kwenye breki ya mwenzako, na hicho dereva yeyote anaweza kukipima kwa macho. Tena kinamfunga hata yule anayetokea kwenye kona kama amefukuzwa. Naye ana mstari wake, na akiuvuka wakati kuna mtu aliyetangulia mbele yake, hawezi tena kujificha nyuma ya neno "kulia". Yule askari na yule mkaguzi wangesoma ukurasa mmoja.

Lakini mstari wenyewe uwepo. Nimeshapita kwenye vipilefti vidogo ambavyo duara limepakwa rangi ikang'aa, na kwenye midomo ya barabara hakuna hata nukta. Mwanafunzi ananiuliza asimame wapi, nami namwonyesha ufa kwenye lami. Haki ya kupita kwanza inaanzia mahali fulani. Bila mstari kila mtu anauchora wake kichwani, na wa mwenye haraka siku zote uko mbele zaidi.

Bado sijamjibu yule mama. Magari manne yamefika pamoja. Kanuni ya kulia haina la kusema, kwa kuwa duara halina mwanzo. Hapa inahitajika adabu, na adabu hiyo ina hesabu ambayo ninyi hamjaiweka kwenye mafunzo. Haki yako unaweza kumwachia mtu mmoja tu: aliye kushoto kwako. Yeye ndiye anayekungoja wewe. Sisi hupenda kumpungia mkono wa mbele yetu, kwa kuwa ndiye tunayetazamana naye, na hiyo ni zawadi ya mali isiyo yako. Wa mbele anamngoja wa kulia kwake, hakungoji wewe. Akikuamini akaingia, yule wa kulia kwake hana habari ya mapatano yenu, na mlango unabonyea. Mpungie wa kushoto. Akiingia atapita mbele ya wa mbele yako na kumzuia. Wa mbele akizuiwa, wa kulia kwako anakuwa huru. Akipita naye, zamu inakufikia. Fundo limefunguka bila lori. Kwa nchi za kulia, geuzeni pande.

Nilimchorea mama yule jambo hili mezani kwa vifuniko vinne vya chupa. Alilielewa kwa dakika tatu. Ninawaza ni kwa nini halimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo nilichopewa kufundishia.

Sasa indiketa. Kwenye kipilefti kikubwa tunafundisha mambo mawili: onyesha unakokwenda unapokaribia, kisha onyesha kushoto ukishapita njia iliyo kabla ya ile unayotokea. Kwenye kidogo hilo la pili mara nyingi haliwezekani. Usukani unazunguka, mikono yote iko kazini, na kabla kidole hakijafika kwenye kijiti umeshatoka. Watahini wengine wanalidai hivyo hivyo, na wanafunzi wanajifunza kuachia usukani katikati ya kona ili wampendeze mtu mwenye kalamu. Semeni wazi kwamba cha lazima ni indiketa ya kuingilia, na ya kutokea iwashwe ikiwezekana.

Ya kuingilia ina thamani ambayo wengi hawaijui. Tuseme gari limeingia kutoka kushoto kwangu likiwa limewasha indiketa ya kulia. Litapita mbele ya aliye mkabala nami, lipite mbele ya wa kulia kwangu, ndipo litokee kwenye barabara yangu. Maana yake wa kulia amezuiwa, na mimi nina sekunde zangu chache za kupita salama. Asipowasha, sijui kama ananyooka au anazunguka, kwa hiyo nangoja, na wa nyuma yangu anangoja, na foleni inazaliwa kwa sababu ya taa moja ndogo ya njano. Wajerumani wao wameamua kinyume: unapoingia huonyeshi kitu, unaonyesha unapotoka tu. Sidhani kama ni kheri kwa duara dogo, lakini wameamua, na dereva wao hana haja ya kuotea mwenzake kafundishwa wapi.

Kuhusu kupita juu ya duara nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponicheka. Wanasema, ni rangi tu, mwalimu, unaizunguka kwa nini? Uingereza duara hilo lina upana wa kati ya mita 1 na mita 4, na sheria inataka magari yote yalizunguke isipokuwa yale makubwa ambayo kimaumbile hayawezi. Ujerumani hivyo hivyo: asiyeweza kuzunguka kwa sababu ya ukubwa anaruhusiwa kupanda, mradi asimhatarishe mtu. Kwetu mwenye gari dogo ananyoosha katikati kana kwamba chini hakuna kitu, halafu anamlaumu mwenye trela kwa kupanda, ambaye ndiye pekee mwenye sababu.

Ubaya wa kunyoosha ni huu. Ule mpindo mdogo wa usukani kuizunguka rangi ndio breki ya mahali pale. Anayenyoosha hapunguzi, na asiyepunguza anafika kabla macho ya wengine hayajamaliza kazi. Pili, njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana au kuingiliana. Kipilefti chenye njia moja kina 8. Zile 24 hazikufutwa na rangi, zilifutwa na kuzunguka. Kila anayekatiza juu ya duara anazirudisha moja moja. Kama hamtaki kutunga sheria, basi inueni duara kidogo, kiasi cha gari dogo kusikia mtikisiko na trela kupita bila kupasua tairi. Mwili hujifunza haraka kuliko kichwa.

Kugeuza gari kurudi ulikotoka pale pale nawakataza wanafunzi wangu. Nafasi ni ndogo, wa nyuma hategemei, na wa mbele alishahesabu kwamba unatoka. Tafuta kikubwa kilicho mbele. Na palipo na vipilefti viwili vilivyopakana, kila kimoja kina mstari wake na haki yake. Kuipata haki kwenye cha kwanza hakukupi ya cha pili.

Baiskeli na pikipiki: ndani ya duara dogo hakuna nafasi ya kumpita mtu, kwa hiyo mwenye baiskeli ashike katikati ya njia na wa nyuma yake avumilie hizo sekunde chache. Waambieni watu jambo hilo, kwa sababu kwa sasa mwenye baiskeli akishika katikati anaonekana ana kiburi, na akibana pembeni anakatwa na anayetoka kushoto. Wenye kutembea kwa miguu nawaombea kitu kimoja tu: kivuko kisikae juu ya mstari wa kupisha, kirudi nyuma kwa urefu wa gari moja. Dereva anayetafuta pengo anatazama kulia. Mtoto anayevuka kutoka kushoto hayumo kwenye picha yake kabisa. Kivuko kikirudi nyuma, dereva anamalizana na watu kwanza, ndipo anasogea kumalizana na magari.

Wahandisi, haya ni yenu peke yenu. Sentensi yangu ya haki haifanyi kazi mahali ambapo magari yanafika kwa mwendo wa barabara kuu. Uingereza vipilefti hivi huwekwa kwenye barabara ambazo mwendo haujaruhusiwa kuzidi maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, na hata mwendo huo ni wa kabla ya kukaribia, si wa kuingilia. Msichore duara kwenye barabara ambayo jana watu walikuwa wanaipita kwa 80 mkategemea rangi iwakumbushe. Wekeni tuta kabla ya mstari, bananisheni mdomo wa barabara, pindisheni kidogo njia ya kuingilia. Ondoeni bango la matangazo linaloziba upande wa kulia. Lile lililonizibia kona siku niliyogongwa lilikuwa linatangaza bima.

Na jueni kwamba si kila njia panda inakitaka kitu hiki. Barabara moja ikiwa na mkondo wa magari usiokatika na nyingine ina gari moja moja, yule wa pembeni atangoja pengo lisilokuja, mpaka siku atakapoingia kwa hasira. Kanuni itasema ana makosa. Itakuwa kweli, na mliompanga hapo mtakuwa mmelala.

Watahini, nina wanafunzi wawili waliofelishwa kwenye kipilefti kimoja, wiki moja. Wa kwanza alifelishwa kwa kungoja mno, kwamba anazuia magari. Wa pili alifelishwa kwa kutongoja. Nilikuwa nimewafundisha kitu kimoja. Sidai mtahini alikuwa na nia mbaya. Nadai kwamba alikuwa anapima kwa moyo wake, kwa kuwa hakupewa kipimo. Mpeni ile sentensi. Kisha wekeni kwenye mtihani wa maandishi picha nne tu za duara dogo lenye magari, na dereva aseme nani anapita na nani anangoja. Leo unaweza kupata leseni ukiwa unazijua alama za hatari za barabarani zote, hata za wanyama, na hujawahi kuulizwa swali hilo.

Mama yule alipata leseni kwenye jaribio la pili. Nilimwona juzi akiwa peke yake, kwenye duara lile lile, magari yamefungana kama kawaida. Alimpungia wa kushoto. Kijana wa kushoto hakuelewa amepewa nini, akabaki amekodoa macho, na lori likaanza.

Mkitaka kujionea wenyewe njooni asubuhi watu wanapokwenda kazini, msimame pembeni dakika kumi. Nitakuwepo, gari lenye kibao cha mwanafunzi. Ila msije na msafara wa ving'ora, maana huo wote wanaupisha na hamtaona kitu.

Wenu,
Mwalimu wa udereva